Kiti cha Shangazi na Uzinduzi wa Nyumba ya Kale-Mpya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo juu ya uwezo wa ratiba yake hakuweza kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naambiwa yuko njiani. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mamlaka ya Urejeshaji wa Mwonekano wa Nyumba. Waheshimiwa wajumbe wa bodi mliopo, mliokuwepo na mnaotarajia kuwepo. Mwenyekiti wa Kamati ya Mapazia. Katibu wa Kamati Ndogo ya Rangi ya Haradali. Wataalamu washauri, pamoja na wataalamu waliokuja kuwashauri washauri. Ndugu seremala, ninayekuona pale nyuma umekunja mikono, naomba uikunjue, hii ni siku ya furaha. Na ninyi wakazi wapendwa wa nyumba hizi za watumishi, ambao katika nyaraka zetu tunawaita walengwa: ninaamini kila mwenye cheo amekisikia cheo chake, na ambaye hakukisikia ajue kwamba kimo moyoni mwangu.

(Makofi kutoka meza kuu. Mpiga picha anapanda juu ya benchi na kuombwa ashuke.)

Kabla sijavuta kamba ya pazia hili kubwa lililo nyuma yangu, ambalo limeficha jambo mlilolingoja kwa uvumilivu mkubwa, naomba niwashirikishe swali ambalo nimeshindana nalo tangu nikisoma shahada ya pili ya usanifu wa ndani, nikalibeba hadi shahada ya tatu, nikaingia nalo ofisini, na hata leo likinijia katikati ya kikao hunisahaulisha ajenda. Swali lenyewe ni hili: kitu hukoma lini kuwa chakavu na kuanza kuwa cha kale? Yaani kiti kile kile, chenye miguu ile ile myembamba iliyotanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama, kwa nini leo tukione na kusema, "Toeni takataka hii," na kesho tukione na kusema, "Lo, mtindo huo!"? Kilichobadilika ni kiti, ni wakati, au ni macho yetu? Ninalo jibu la awali, na ninalitoa kwa tahadhari zote za kitaaluma, maana majibu yangu ya awali yana mazoea ya kubaki kuwa ya awali.

(Kicheko kidogo. Seremala hajakunjua mikono.)

Mtakumbuka kwamba Mamlaka yetu, chini ya uongozi wangu makini kama mkurugenzi wake, na neno "makini" silisemi mimi bali limo katika ripoti ya mwaka niliyoiandika mimi, ilianza na Awamu ya Kwanza, iliyojulikana kama Kampeni ya Ondoa Uchakavu. Katika awamu hiyo tuliingia kwenye nyumba zenu hizi, ambazo zilijengwa enzi za wazazi wenu na hazikuwa zimeguswa tangu hapo, tukakuta hali ya kusikitisha mno: makochi ya mbao yenye mikono bapa inayoweza kubeba kikombe cha chai na kisosi chake bila kutikisika; makabati ya redio yenye milango ya kuteleza; meza fupi zenye umbo la figo; saa za ukutani zenye miale kama jua la mchoro wa mtoto; simu za kuzungusha namba kwa kidole; na sakafu za terazo, zile za vipande vya mawe vilivyosuguliwa, zilizokuwa ziking'aa bila ruhusa ya mtu yeyote. Tukasema hapana, mwananchi wa leo hawezi kuachwa aishi hivi. Tukapakia vitu vyote kwenye malori, tukavipeleka mahali ambapo, kwa kuzingatia kanuni za usafi wa mazingira, vitu hivyo vilikoma kuwa vitu.

(Sauti ya mama mmoja: "Mlivichoma! Moshi wake uliingia kwenye nguo zangu kwenye kamba!")

Nashukuru kwa mchango huo, mama yangu. Neno lililotumika kwenye ripoti ni kwamba samani hizo "zilipunguzwa hadi hatua ya majivu", lakini naona tunazungumza jambo moja.

Basi, waheshimiwa, malori yalikuwa hayajamaliza kuoshwa nilipoalikwa kwenye kongamano la kimataifa la nyumba ya kisasa. Nikakaa safu ya mbele, kama ilivyo desturi yangu, na kikombe changu cha chai mkononi. Taa zikazimwa, mtoa mada akaanza kuonyesha kwenye skrini sebule za watu walioendelea, watu wenye fursa ya kuweka chochote wanachotaka ndani ya nyumba zao, na ndani ya sebule hizo, waheshimiwa, niliruka kitini hadi chai ikammwagikia mjumbe wa jirani, mlikuwa na vitu vyenu! Sisemi vitu vinavyofanana na vyenu. Ninasema kochi la mama wa nyumba ya kona, kabati la redio la fundi cherehani, na saa ile ya miale ambayo wajumbe wangu waliibandua ukutani kwa mtaimbo. Vyote vikaitwa retro, yaani mtindo wa zamani uliorudi. Mtoa mada akasema kwa utulivu wote kwamba huo ndio mustakabali wa makazi.

(Mzee mmoja: "Kwa hiyo tulikuwa mbele yao!" Kicheko kirefu, watu wanagongana mabega.)

Mlikuwa mbele sana, baba, na Mamlaka iliwawahi ili msiende mbali zaidi.

Kiongozi mwepesi wa moyo angevunjika nguvu. Mimi nilitoa kalamu, na ndani ya ndege nikaandika andiko dhana la Awamu ya Pili, ambayo ndiyo Programu Jumuishi ya Kale-Mpya, yenye vizheni, yaani dira, inayosema, na nanukuu nafsi yangu, "kuhakikisha kwamba kila kaya inarudishwa pale ilipoondolewa." Tukafanya utafiti wa msingi, na matokeo yake yalituridhisha: asilimia themanini na tisa ya walengwa walisema hitaji lao kuu ni mahali pa kukaa, ilhali asilimia kumi na moja hawakuhojiwa, kwa kuwa walikuwa wameketi chini nyuma ya mlango na mhojaji hakuwaona.

Tulianza na sakafu. Katika Awamu ya Kwanza tulikuwa tumefunika terazo kwa vigae vyeupe, na katika Awamu ya Pili wataalamu wakashauri kwamba terazo irudi. Kwa kuwa kung'oa vigae kungeonekana kama kukanusha mafanikio ya awamu iliyotangulia, tukatandika juu ya vigae plastiki bora kabisa iliyochapwa picha ya terazo. Leo hii, ndugu zangu, mwananchi wa nyumba hizi anakanyaga picha ya kitu ambacho kipo chini ya miguu yake.

(Sauti: "Na milango haifunguki! Sakafu imepanda!" Mwingine: "Sisi kwetu tunaingia ubavu ubavu!")

Milango hiyo itapunguzwa kwa chini katika Awamu ya Tatu. Na hapa sina budi kumtambua seremala wetu, aliyeshiriki warsha ya Mamlaka ya kuzeesha samani mpya. Tulimletea meza iliyotoka kiwandani, tukampa mnyororo, tukamwelekeza aichape kwa ustadi hadi ionekane imeishi maisha marefu yenye misukosuko. Ndugu seremala, waeleze wenzako ulijifunza nini.

(Seremala, bila kukunjua mikono: "Nilijifunza kuipiga meza isiyonikosea, mheshimiwa. Mke wangu alinikuta akaniuliza nimegombana na nani kazini." Kicheko. Mwenyekiti wa Kamati ya Mapazia anacheka, anamtazama Mwenyekiti wa Bodi, anaacha.)

Ushuhuda mzuri. Tatizo lililobaki likawa moja tu, nalo ni la kisayansi: ili kutengeneza samani mpya za kale tulihitaji angalau samani moja ya kale tuipime, tuichore na tuitafakari, na kwa ufanisi uliopitiliza wa awamu iliyotangulia, hapakuwa na hata kijiti. Tulitafuta mtaa mzima. Hapo ndipo nilipokumbuka, na nasema "nilipokumbuka" kwa maana ya utafiti wa kina, kwamba mkazi mmoja wa hapa, mkunga mstaafu, wakati malori yanapita alikifunika kiti chake kwa shuka jeupe, akaweka mto juu, na wapakiaji walipoingia akaweka kidole mdomoni akawaambia, "Shii, mgonjwa ndio kwanza amepata usingizi." Maofisa wangu wawili, vijana wenye vyeti, wakatoka kwa kunyata, na mmoja wao akaandika kwenye taarifa kwamba anamwombea nafuu.

(Kicheko kikubwa. Katika safu ya mbele mwanamke mtu mzima aliyevaa kitenge cha buluu anainua mkono taratibu, kama mtu anayetaka kuuliza bei.)

Kiti hicho, waheshimiwa, ndicho hiki mnachokiona hapa jukwaani kando yangu, kimefungwa utepe mwekundu na kuwekewa kibao cha "Usikalie". Tazameni mikono yake ilivyo bapa na mipana. Tazameni mgongo ulivyolala kidogo tu, bila uvivu. Kilitengenezwa na marehemu mume wa mkazi huyo, ambaye hakusoma mtindo wowote, alichofanya ni kumpima mke wake kwa kamba kuanzia goti hadi kisigino na kukata miguu ya kiti kwa kipimo hicho. Katika Mamlaka tumekipa hadhi ya Sampuli ya Rejea. Naona mdau katika safu ya mbele ana mkono juu. Mdau, subiri kipindi cha maswali.

("Mdau ndiye nani?" anauliza mwenye kitenge cha buluu. "Mimi ni shangazi yako.")

Kwa faida ya kumbukumbu za kikao, kanuni za mgongano wa maslahi zinanielekeza kwamba leo, ninapokuwa kwenye jukwaa hili, sina shangazi.

("Sawa. Basi na jioni usije kula kwa mtu ambaye huna." Kelele za furaha. Mpiga picha amerudi juu ya benchi.)

Tuendelee. Mdau huyu hakuachwa mikono mitupu. Tulipoazima kiti chake tulimpelekea kama fidia ya muda sofa la kisasa, la povu, lenye kina kirefu, ambalo katika vipimo vyote vya ulaini limepata alama za juu.

("Limepata alama kwa nani?" Shangazi amesimama sasa, ameshika bega la jirani yake. "Mwanangu, lile sofa ni shimo. Nikikaa nazama, magoti yanafika kwenye kidevu. Kuinuka siwezi. Nimekaa na kengele ya baiskeli mkononi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, niipige mtu aje anivute. Jana alikuja seremala, juzi alikuja muuza maziwa, mtu ambaye hata hatujazoeana, ananikumbatia kiunoni anasema moja, mbili, tatu! Mimi! Nimewainua wanawake wa mtaa huu wote vitandani, leo nang'olewa kama muhogo. Sitaki retro, sitaki programu. Nataka kiti changu leo, niinuke mwenyewe.")

(Hata meza kuu inatazama chini.)

Naomba maji.

(Analetewa maji. Anakunywa yote.)

Maoni ya mdau yamepokelewa na yatafanyiwa kazi kupitia mfumo uliopo. Ila ninalazimika, kwa unyenyekevu wa kitaaluma, kueleza ugumu wenyewe. Jibu langu la awali kwa swali nililoanza nalo ni kwamba kitu huacha kuwa chakavu na kuwa cha kale pale kinapoondoka mikononi mwa mwenyewe. Kiti hiki kilipokuwa sebuleni kwa shangazi, nasema kwa mdau, kilikuwa kikuukuu, kimewekewa kitambaa cha kufuma mgongoni kuficha doa la mafuta ya nywele, doa ambalo kihistoria ni la kichwa changu mimi, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikisukwa. Kilipofika hapa jukwaani na kufungwa utepe, kimekuwa urithi. Nikikirudisha leo, je, nitakuwa nimerudisha samani, au nitakuwa nimeangamiza urithi na kuzalisha uchakavu mpya? Mtu asidhani hilo ni swali jepesi. Limejadiliwa katika vikao ambavyo hata vitafunio vilikwisha.

(Seremala: "Mheshimiwa, mrudishie tu." Sauti kadhaa: "Mrudishie!")

Ngojeni kwanza, wananchi wenzangu, ngojeni tufike kwenye kilele, kwa maana nyuma ya pazia hili ndipo penye majibu yote. Nyumba ya Mfano ya Kale-Mpya! Ukuta mmoja wa rangi ya haradali, mwingine wa kijani cha parachichi! Dirisha pana linaloingiza bustani sebuleni! Jiko lenye meza ya formaika na viti vya miguu ya chuma! Jukwaa lote, tafadhali, simameni. Mpiga ngoma, piga. Ninavuta.

(Anavuta kamba. Pazia linakwama, linavutwa na wajumbe watatu, linaanguka lote. Nyuma yake kuna kiwanja cha majani yaliyofika magotini, kamba ya nguo yenye mashuka mawili na soksi, na mbuzi anayewatazama. Mpiga ngoma anaendelea peke yake kidogo, kisha anaacha.)

Kama mnavyojionea, dhana ya mpango wazi imetekelezwa kikamilifu. Hakuna ukuta hata mmoja unaozuia mwonekano. Bustani imeingia sebuleni kwa kiwango ambacho wenzetu wa kongamano hawajakifikia.

("Soksi ni zangu," anasema mzee mmoja. "Msizizindue.")

(Kicheko kinapasuka, na ndani ya kicheko hicho shangazi anapanda ngazi za jukwaa, mguu mmoja mmoja, seremala akiwa nyuma yake bila kumgusa. Kwenye sinia la mkata utepe anachukua mkasi.)

Shangazi. Mdau. Shangazi, utepe huo umepangwa kukatwa na Mwakilishi wa Mgeni Rasmi.

("Yuko njiani, umesema mwenyewe. Mimi nimeshafika. Nimekata vitovu vya nusu ya watu waliokaa hapa, chako kikiwemo, na wewe ulikuja na kelele hivi hivi. Utepe utanishinda?")

(Anakata. Anang'oa kibao, anampa Mwenyekiti wa Bodi akishike. Anakaa. Anaweka viganja viwili juu ya mikono bapa ya kiti, anavuta pumzi, na anainuka, bila kengele, bila moja mbili tatu. Anasimama hapo akiwatazama watu wote. Kisha anakaa tena, amestarehe. Makofi, na haya hayakutoka meza kuu.)

Nadhani kumbukumbu zisomeke kwamba sampuli imefanyiwa jaribio mbele ya wadau na imefaulu.

Ndugu zangu, muda hauko upande wetu, na mbuzi ameanza kula waya wa kipaza sauti, kwa hiyo nihitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Kale!", mnaitikia "Mpya!" Kale!

("Kiti!")

Kale!

("Kiti!")

Tutaiboresha kaulimbiu hiyo. Sasa nichukue nafasi hii kutoa shukrani zangu za dhati: kwa Kamati ya Mapazia, ambayo pekee katika programu hii imekamilisha kazi yake, kwa Kamati Ndogo ya Rangi ya Haradali, ambayo imefikia mwafaka kuhusu haradali na inasubiri ukuta, kwa wataalamu washauri, waliotushauri, na kwa ninyi walengwa, kwa kuhudhuria kwa wingi ufunguzi wa nyumba ambayo haijajengwa, na ambayo mchoro wake haujachorwa kwa sababu mchoraji alikuwa anangoja tumalize kutafakari kiti, chini ya programu ambayo bodi bado haijaijadili, kwa kuwa imekuwa ikishughulika na maandalizi ya ufunguzi huu. Mali yote ya Nyumba ya Mfano, nikiondoa pazia, ilikuwa kiti kimoja cha kuazima, na kiti hicho kinaondoka leo kwenye mkokoteni wa seremala, ambaye naona hatimaye amekunjua mikono.

Limebaki swali langu. Ningetamani kuwaaga nikiwa nimelijibu, ila leo nimeona jambo lililoharibu jibu langu la awali na sina uhakika kama limenipa jingine. Nilisema kitu huwa cha kale kinapomwacha mwenyewe. Kiti hiki kimerudi kwa mwenyewe mbele ya macho yangu, nami nimekitazama kwa bidii nikitafuta uchakavu, sikuuona. Nikatafuta urithi, nao sikuuona. Nilichoona ni shangazi yangu ameketi, miguu yake yote miwili imegusa sakafu. Huenda kuna neno la tatu ambalo taaluma yetu haijalipata, huenda pia nimeona hivyo kwa sababu doa lile ni la kichwa changu, na mtafiti wa namna hiyo hapaswi kuaminiwa. Suala hili linahitaji uchunguzi zaidi, ambao kwa sasa hauwezekani, kwa kuwa sampuli pekee imekaliwa, na aliyeikalia haonyeshi dalili ya kutaka kuinuka, ingawa sote tumeshuhudia kwamba anaweza.